Deni la Pauni 400 na Mtumishi Asiye na Jina: Uchambuzi wa Kisa cha Kusimulia Upya Ngano za Robin Hood kwa Watoto

Usuli

Kisa hiki kinahusu kitabu kimoja cha hadithi kilichoandaliwa kwa Kiswahili kwa wasomaji wa miaka 10 hadi 13, katika mji mmoja wa pwani ya Afrika Mashariki. Majina ya wahusika wote, la mji, la maktaba na la kitabu chenyewe yameachwa, na mambo machache yasiyogusa kiini cha kisa yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Tulikuwa watu wanne: mwandishi, mwalimu wa shule ya msingi aliyeendesha klabu ya kusoma kila Jumamosi, mchoraji, na mimi niliyekuwa mhariri. Nakiandika kwa sababu makosa yetu makubwa tuliyafanya kwa nia njema kabisa, na yeyote anayewasimulia watoto ngano ya kale ya watu wengine atajaribiwa kuyarudia.

Ngano zenyewe ni za Uingereza ya zama za kati. Jina la Robin Hood, mpiga upinde wa msituni aliye nje ya sheria, linatokea kwa mara ya kwanza katika fasihi kwenye shairi la William Langland la miaka ya 1370, ambamo mhusika aitwaye Uvivu anakiri kwamba Baba Yetu haijui vizuri lakini tungo za Robin Hood anazijua. Tungo zilizosalia ni za baadaye kidogo: ule wa Robin Hood na mtawa umo katika muswada wa karibu mwaka 1450 uliohifadhiwa Cambridge, na ule mrefu kuliko yote, A Gest of Robyn Hode, wenye beti 456 za mishororo minne minne, ulichapishwa karibu na mwaka 1500. Anayezijua ngano hizi kwa filamu peke yake atashangaa akizisoma. Robin si mtoto wa ukoo wa kitukufu; ni mtu huru wa kawaida, aliye chini ya mabwana na juu ya wakulima wa shamba la bwana. Msitu wake ni Barnsdale, Yorkshire, sawa na Sherwood kama si zaidi. Mfalme katika Gest anaitwa Edward, si Richard, na Marian, mpenzi wake wa kwenye filamu, hayumo kabisa. Ukabaila wa Robin uliletwa na tamthilia za Anthony Munday za mwaka 1598, na Marian aliingia kwa njia ya michezo ya sikukuu za mwezi Mei.

Rasimu ya kwanza haikujua lolote kati ya haya. Mwandishi wetu, ambaye ana kipaji kikubwa cha kusimulia na Kiswahili chake ni cha kumwonea wivu, alitegemea toleo la watoto la karne ya 19 pamoja na kumbukumbu ya filamu alizoziona. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba hapo zamani palikuwa na jambazi mwema aliyewaibia matajiri na kuwagawia maskini. Mimi niliipitisha bila kuweka alama hata moja pembeni.

Jumamosi tatu za kusomewa

Kabla ya kuchora picha yoyote tulikubaliana watoto wasomewe rasimu kwa sauti. Walikuwa kumi na wawili au kumi na watatu, kutegemea Jumamosi, wakikaa mkekani katika chumba cha nyuma cha maktaba. Mwalimu alisoma, mimi nikakaa nyuma na daftari.

Sura ya kwanza ilipokwisha, mvulana mmoja alinyoosha mkono. “Mwalimu, alimpa nani?” Mwalimu akamjibu kwamba aliwapa maskini. “Ndiyo, mwalimu, lakini nani?” Nilirudi nyumbani nikaisoma rasimu yote, ukurasa kwa ukurasa, nikimtafuta maskini mmoja mwenye jina, au angalau mwenye shida inayoelezeka, na sikumpata. Palikuwa na umati wa maskini wanaopokea vifuko vya dhahabu kila mwisho wa sura na kushangilia, na hakuna aliyesema alikuwa akidaiwa nini, na nani, wala tangu lini.

Jumamosi ya pili alikuja mama wa msichana mmoja, akamsalimu mwalimu kwa heshima, kisha akamwuliza kwa upole kwa nini watoto wanafundishwa kwamba sharifu ni mtu dhalimu. Ilituchukua muda kuelewa. Rasimu ilikuwa imeandika “Sherifu wa Nottingham”, yaani mtu wa mfalme aliye adui wa Robin, na katika mji ule sharifu ni mtu wa kizazi cha Mtume, anayebusiwa mkono. Mtoto alikuwa amerudi nyumbani na hadithi ya sharifu anayewafunga watu gerezani na kula mali zao. Mama yule hakuwa na kosa lolote, wala mtoto. Kosa lilikuwa letu sote wanne, kwa kuwa hakuna aliyelisoma neno lile kwa masikio ya mji anaoishi.

Siku hiyohiyo mchoraji aliwaomba watoto wachore Robin wanavyomwona. Rasimu ilitumia “jambazi” na “haramia” kwa kubadilishanabadilishana, ikidhani ni tofauti ya ladha tu. Watoto wawili walichora boti na wanaume wenye bunduki, kwa sababu haramia wanayemjua kwenye taarifa ya habari ni yule anayeteka meli pwani ya Somalia. Mmoja alichora mtu aliyejifunika uso akivunja duka usiku. Upinde ulikuwa kwenye karatasi chache sana.

Swali gumu kuliko yote lilikuja Jumamosi ya tatu, kwenye sura ya Robin kuwinda paa wa mfalme. Kijana mmoja, ambaye mjomba wake ni askari wa wanyamapori, aliuliza: “Kwa hiyo Robin alikuwa jangili?” Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Mwalimu alimwambia kwamba hilo ni swali zuri sana na kwamba atalijibu Jumamosi inayofuata. Hakuwa na jibu, wala mimi sikuwa nalo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuiweka kando rasimu na kurudi kwenye tungo za zamani. Palikuwa na sababu ya kisheria pia, ambayo tuliigundua kwa bahati. Rasimu ilikuwa na mhusika Mwislamu kutoka nchi za mashariki aliyekuwa rafiki wa Robin, na sote tulimpenda, kwa kuwa tuliamini wasomaji wetu wa pwani wangejiona ndani yake. Tulipomtafuta katika tungo hatukumwona popote. Mhusika wa namna hiyo aliingizwa na mfululizo mmoja wa televisheni wa Uingereza wa miaka ya 1980, na filamu za baadaye zikafuata mkondo huo. Tungo za karne ya 15 ni mali ya kila mtu. Alichokibuni mwandishi wa televisheni miaka arobaini iliyopita kina mwenyewe. Tulimtoa, na mwandishi aliumia, kwa sababu sura zile mbili zilikuwa miongoni mwa zilizoandikwa vizuri zaidi.

Uamuzi wa pili ndio ulioujenga upya moyo wa kitabu. Mwandishi alisoma sehemu ya kwanza ya Gest akanipigia simu usiku, akaniambia, “Ndugu yangu, maskini tumempata.” Nieleze kisa chenyewe, kwa sababu mengi yanayofuata yanatokana nacho.

Robin hataki kula mpaka apatikane mgeni wa kula naye. Watu wake Little John, Much na Scathelock wanakwenda barabarani, wanamleta bwana mmoja mpanda farasi, mwenye mavazi duni na uso wa huzuni, ambaye baadaye utungo unamwita Richard at the Lee. Baada ya chakula Robin anamwambia alipie. Mgeni anasema ana shilingi kumi tu. Little John anatandaza joho lake chini, anahesabu, na kweli ni shilingi kumi. Ndipo Robin anapouliza umaskini huu umetoka wapi. Mwanawe aliua mtu. Ili kumwokoa, baba aliiweka ardhi yake yote rehani kwa abati, yaani mkuu wa watawa, wa abasia ya Mtakatifu Maria mjini York, kwa pauni 400, na siku ya kulipa imewadia. Marafiki waliokuwa wakijisifu mezani kwake sasa wanajifanya hawamjui. Robin anamwuliza kama ana mdhamini, naye anajibu kwamba hana mwingine ila Bikira Maria. Robin, ambaye pamoja na uhasama wake wote na maabati anampenda Maria kuliko yeyote, anamkubali mdhamini huyo na kumkopesha pauni 400 kamili.

Hebu tazama kilichomo humo. Hakuna fadhila ya kurushwa kwa umati. Kuna mkopo, kiasi, tarehe, dhamana na mdhamini. Rasimu ya kwanza ilikuwa imeugeuza mkopo huu kuwa zawadi, kwa sababu toleo zima liliongozwa na kauli ya kuwaibia matajiri na kuwapa maskini, na kauli hiyo ni ya baadaye. Gest inamalizia kwa kusema tu kwamba aliwatendea maskini mema mengi. Mwanahistoria wa Uskoti John Major ndiye aliyeandika mwaka 1521 kwamba Robin hakuwanyang'anya maskini bali aliwatajirisha kwa alichokipora kwa maabati, na ndiye aliyemweka katika zama za Mfalme Richard. Kutoka hapo kauli ikaendelea kukua mpaka ikawa ndiyo hadithi nzima.

Mwalimu aliposoma sura mpya, watoto hawakuhitaji kuelezwa rehani ni nini. Msichana mmoja alisema mara moja, “Kama shamba la babu,” akanyamaza. Tukafika mahali bwana yule anapoingia ukumbini kwa abati akiwa amevaa nguo za kawaida, anapiga magoti, anaomba aongezewe muda huku pesa anazo. Abati anakataa. Hakimu aliyeketi pale anasema wazi kwamba yeye ni mtu wa abati, kwa joho na kwa malipo. Ndipo bwana anapomwaga pauni 400 juu ya meza, na abati anaketi kimya, hawezi kula tena. Watoto walipiga makofi hapo, na hatukuwa tumeongeza neno lolote la kuwaambia nani mwema na nani mbaya.

Sehemu ya kitambaa nayo tuliirudisha, ingawa rasimu ya kwanza iliiona kuwa porojo. Robin anaagiza bwana apewe nguo zinazomfaa, na Little John anapima kitambaa kwa upinde wake badala ya kipimo cha duka, tena kila anapopima anaruka futi tatu mbele kabla ya kuanza upya. Scathelock anacheka, anasema John anaweza kutoa kipimo kikarimu kwa kuwa kitambaa hakikumgharimu kitu. Kila mtoto aliyewahi kutumwa dukani kununua kitambaa cha sare aliona mara moja kinachofanyika hapo.

Uamuzi wa tatu ulihusu maneno. “Sherifu” ilifutwa, tukaweka “liwali”. Sheriff wa zama hizo alikuwa mtu wa mfalme katika jimbo: alikusanya mapato, alisimamia baraza, alikamata watu. Liwali wa miji yetu alikuwa mtu wa sultani, mwenye kazi zinazofanana sana na hizo. Mwalimu aliogopa kwamba wapo wazee wanaowakumbuka maliwali wa haki, na hofu yake ilikuwa na msingi; tuliandika mapema kitabuni kwamba Nottingham ilipata maliwali wengi na huyu mmoja ndiye aliyekuwa hivi. “Jambazi” na “haramia” ziliondoka kabisa. Badala yake tulieleza tendo lenyewe: mtu aliitwa barazani mara kadhaa mfululizo, asipotokea alitangazwa kuwa nje ya sheria, mali yake ikachukuliwa, na katika zama za mwanzo aliyemuua alihesabiwa kuwa ameua mbwa mwitu. Baada ya maelezo hayo tuliandika tu kwamba mtu “ameingia msituni”. Kiswahili kinayo kauli hiyo tangu zamani kwa wanaokimbilia porini kupambana na utawala, na kila msomaji anaisikia kwa uzito wake.

Kwa swali la ujangili tulikataa njia rahisi. Mwandishi alipendekeza tuseme kwamba paa walikuwa wengi na watu walikuwa na njaa. Mimi niliona kijana yule anastahili jibu la kweli, kwa hiyo kitabu kinasema: ndiyo, kwa sheria ya mfalme alikuwa jangili. Kisha kinaeleza kwamba baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, wafalme walitangaza maeneo makubwa kuwa misitu yao ya kuwindia, yakiwamo yenye vijiji na mashamba, na kwamba adhabu zilikuwa kali kiasi kwamba Mkataba wa Misitu wa mwaka 1217 ulilazimika kutamka kwamba hakuna tena atakayepoteza uhai wala kiungo kwa sababu ya wanyama wa mfalme. Msomaji ameachiwa apime mwenyewe.

Mwalimu alikuwa na pendekezo jingine, kwamba tumhamishe Robin hadi pwani, tumpe jina la Kiswahili na msitu wa mikoko. Tulilijadili kwa siku mbili. Nililikataa kwa sababu pwani ina mwanamume wake wa upinde, Fumo Liyongo, aliyetoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, na kumvika Robin kanzu kungewanyang'anya watoto wote wawili. Tulichokichukua kutoka nyumbani ni bahari ya tenzi peke yake. Kwa kuwa Gest iko katika beti za mishororo minne, mwandishi aliweka ubeti wa utenzi kila pale Robin anapotoa agizo au kiapo. Agizo lake la kwanza kwa watu wake limekuwa hivi:

Mkulima wa shambani
na mpita msituni
msiwatie shakani
waacheni wende njia

Wanawake walikuwa tatizo la aina yake, kwa kuwa nusu ya klabu ni wasichana na tungo za kale za Robin karibu hazina mwanamke. Tulitoka nje ya Robin kidogo tukauchukua utungo wa Adam Bell, Clim of the Clough na William of Cloudesly, watu wa msitu wa Inglewood karibu na Carlisle. William anaingia mjini kwa siri kumwona mkewe Alice na watoto. Bikizee ambaye familia hiyo imemlisha kwa hisani miaka saba anamsaliti kwa liwali, na anazawadiwa gauni jekundu. Nyumba inapozingirwa, Alice anashika shoka, anasimama mlangoni na kuapa kwamba atakayeingia atakufa maadamu yeye amesimama.

Mtumishi mdogo

Uamuzi wa mwisho nautenga, kwa sababu ndio uliotugawa na haujaacha kutugawa.

Utungo wa Robin Hood na mtawa unaanza kwa kosa la Robin. Anashindana na Little John kulenga shabaha, anashindwa, anakataa kulipa shilingi tano na kumpiga mwenzake. Anakwenda peke yake kusali Nottingham, mtawa mmoja anamtambua, naye anakamatwa. Mtawa anatumwa kwa mfalme na barua, akifuatana na mtumishi mdogo. Little John, pamoja na kuonewa, anakwenda na Much kuwavizia njiani. John anamuua mtawa, na Much anamuua yule mtumishi mdogo, kwa kuogopa kwamba atasema. Kisha wawili hao wanapeleka barua kwa mfalme wao wenyewe, wanasema mtawa alifia njiani, wanapewa muhuri, na kwa muhuri huo wanamlewesha liwali na kumtoa Robin gerezani.

Mwandishi alitaka sura yote iachwe. Mwalimu alitaka ibaki, kwa ajili ya John, anayemlipa wema aliyemtendea ubaya na kisha kukataa kufanywa mkuu. Nilitafuta njia ya katikati, nikaamua kwamba mtumishi mdogo atimue mbio na kutokomea kichakani. Niliona nimefanya kazi nzuri ya uhariri.

Sura iliposomwa, msichana wa miaka kumi na mmoja alimkatisha mwalimu kabla John hajafika kwa mfalme. “Huyo mtoto si atafika kwanza? Atamwambia mfalme kila kitu.” Wenzake waliliona palepale, na hadithi ikafia pale. Kila kinachofuata, muhuri, divai, funguo za gereza, kimesimama juu ya kifo kile. Mimi nilikuwa nimekitoa ili kuwalinda watoto, nao ndio walioliona pengo.

Mwalimu alipendekeza mtumishi afungwe kamba mpaka mambo yaishe, lakini watu ni wawili na wote wawili wanakwenda kwa mfalme. Baada ya wiki moja ya mabishano tuliamua kifo kirudi, kwa sentensi isiyokisifu wala kukipamba: “Much alimuua pia yule mtumishi mdogo, kwa kuogopa kwamba angesema.” Sentensi iliyofuata ilisema: “Wakawazika wote wawili, wala hawakuzungumza njiani.” Mchoraji, aliyekuwa amekataa kuchora mauaji yenyewe, alichora farasi wawili wasio na wapandaji wamesimama barabarani.

Matokeo

Kitabu kilitoka kikiwa na visa sita, na klabu imekitumia kwa mwaka mzima. Sura ya deni ndiyo inayoombwa kurudiwa. Watoto wameigiza karamu ya abati zaidi ya mara moja, na kila mara hugombania nafasi ya kumwaga pesa mezani. Wasichana walimchagua Alice. Sura ya kifo cha Robin, ambamo mkuu wa watawa wa kike wa Kirklees, jamaa yake mwenyewe, anamchanja mshipa kwa jina la tiba na kuiacha damu itoke mpaka nguvu zimwishe, ilieleweka bila maelezo, kwa sababu kuumikwa ni jambo wanaloliona majumbani. John anapoomba ruhusa ya kuchoma nyumba ile, Robin anamkataza, kwa kuwa maishani mwake hakuwahi kumdhuru mwanamke. Mtoto mmoja alisema taratibu, “Liyongo naye aliuawa na mwanawe.” Hatukuwa tumemtaja Liyongo popote kitabuni.

Mzazi mmoja alilalamika kuhusu mtumishi mdogo, na shule moja inayokitumia kitabu imeamua kuiruka sura hiyo. Kijana wa swali la ujangili aliisoma sura yake, akasema mjomba wake naye ameisoma, na kwamba hawakukubaliana.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ya vyote ni kusoma kwa sauti mbele ya watoto kabla ya kuchapa, na kwa sababu isiyo ya kawaida. Tulidhani tunapima kama lugha ni rahisi. Watoto walitupimia mantiki. Maswali yote manne yaliyobadilisha kitabu, la maskini, la sharifu, la jangili na la mtumishi, hayakuhusu ugumu wa maneno hata kidogo. Yalihusu nani alifanya nini, kwa nani, na nini kilifuata.

Kurudi kwenye tungo za zamani kulifaa kwa sababu tungo zile zinajua gharama ya kila kitu: shilingi kumi, pauni 400, shilingi tano ambazo Robin hakulipa. Msimuliaji anayewaogopea watoto huanza kwa kufuta hesabu hizo, akidhani ndizo zinazochosha, na anabaki na wema usio na sura. Makosa ya rasimu ya kwanza yalitokana na hilo kuliko yalivyotokana na uzembe wa utafiti, nami ndiye niliyeipitisha.

Kwa upande wa lugha tulifaulu nusu. “Liwali” na “kuingia msituni” zimekaa vizuri. Kwa paa wa Uingereza tulishindwa: mchoraji aliwapa pembe nyoofu za swala, nami niliona kosa kitabu kikiwa kimeshachapwa. Maandishi yanasema “pembe zenye matawi” na picha inasema vingine, na watoto wameliona hilo pia.

Kuhusu mtumishi mdogo, sijutii kumrudisha. Ninachokitilia shaka ni maneno “wala hawakuzungumza njiani”. Hayamo katika utungo. Utungo unasema wawili walizikwa, kisha unakwenda moja kwa moja kwa mfalme bila kutazama nyuma. Ukimya ule tuliubuni sisi, na kwa kuubuni tuliwapa John na Much majuto ambayo hakuna aliyeyashuhudia, ili msomaji aendelee kuwapenda. Ni uleule ulainishaji uliomfanya mtumishi akimbilie kichakani, umerudi kwa mlango wa nyuma. Mwandishi anasema sentensi ile inamheshimu mtoto aliyekufa. Mimi naona inawaheshimu waliomuua. Mwalimu anaona kwamba darasani ukimya huo ndio unaowafungua watoto kuzungumza, na ushahidi wake ni wa vikao alivyoviendesha mwenyewe, siwezi kuupuuza.

Tumekaa mara mbili kulizungumza kwa ajili ya chapa ya pili, na mara ya pili tulifikia uamuzi. Pembe za paa zitachorwa upya. Maneno “wala hawakuzungumza njiani” yataondoka, na nafasi yake haitajazwa na chochote. Sentensi ya Much na picha ya farasi wawili zitabaki zilivyo.